Acha Iteleze: Historia Fupi ya Nati Niliyoikaza Kupita Kiasi

Najua nimekuwa kimya. Kazi za chumba cha habari zimenibana, na kila nilipotaka kuandika hapa kijiweni nilijikuta nasinzia mbele ya kompyuta. Leo nimerudi, ila sirudi na siasa. Wale mliozoea kuja hapa kusoma habari za Bunge na bajeti mnivumilie. Leo naandika habari za gari la kuchezea. Ndiyo, lile la rimoti. Na kabla hujaguna na kuondoka zako, ngoja kwanza nikupe kisa.

Dada yangu ana mtoto wa kiume wa miaka kumi na mmoja. Ndugu yetu aliyeko ughaibuni alimletea gari la rimoti la kukimbia kwenye mavumbi na matuta. Si yale mepesi yanayokufa kabla Krismasi haijaisha. Hili ni la wapenzi wa mchezo wenyewe, ambalo kila kipande unakifungua kwa bisibisi na kukibadilisha. Gari lilikuwa zuri, isipokuwa kila likianza kuondoka kwa nguvu lilitoa sauti nyembamba kama ya mbu sikioni, halafu ndipo likachomoka.

"Mjomba, linateleza," mtoto akaniambia.

Mjomba mtu ana digrii. Nikalifungua, nikaona kando ya gia kubwa ya plastiki kuna springi imebanwa na nati. Nikasema moyoni, hii imelegea. Nikachukua spana ndogo nikaikaza mpaka ikagoma. Tukalirudisha uwanjani, likatoka kama risasi, bila sauti ya mbu. Mtoto akaruka kwa furaha, na mimi nikajiona mhandisi. Siku ya pili likaruka tuta, likatua mchangani, tukasikia "krrrk". Mota ikawa inazunguka peke yake na magurudumu yametulia tuli. Kufungua giaboksi, meno ya gia mbili yameng'oka na shafti moja imepinda.

Nikalipeleka Gerezani kwa mzee mmoja fundi wa difu za malori, niliyefahamiana naye wakati naandika makala ya vipuri. Nilitegemea atanicheka. Hakucheka. Aliligeuza mara mbili, akagusa ile nati kwa ncha ya kidole.

"Hii nani kaikaza?"

"Mimi, mzee."

"Basi mwandishi, umeondoa fyuzi ukaweka waya."

Wote tunajua maana yake. Fyuzi ya nyumba ikikatika mara kwa mara, mtu anachoka, anachukua waya wa shaba anafunga. Taa inawaka. Inawaka mpaka siku kitu kingine kiungue, na kitu hicho hakiuzwi kwa bei ya fyuzi. Maneno ya mzee yalinikesha. Nani aliamua kwamba gari liwekewe kifaa kinachoteleza makusudi? Lini? Na kabla ya hapo walikuwa wanaishi vipi? Nimesoma kwa wiki kadhaa, na nilichokikuta ni historia nzima, ndiyo maana naileta hapa.

Tuanze na sababu ya vitu hivi kuvunjika. Gari la rimoti la kiwango cha moja kwa kumi, yaani dogo mara kumi kuliko gari halisi, huwa na uzito wa kilo moja na nusu hivi. Unaweza kudhani kitu chepesi namna hiyo hakiwezi kujivunja. Sasa fanya hesabu. Chukua mota inayozunguka mara 20,000 kwa dakika. Gia zikipunguza mzunguko huo mara nane, gurudumu linazunguka mara 2,500 kwa dakika. Kwa tairi lenye kipenyo cha sentimita 8.5, hiyo ni kasi ya kama kilomita 40 kwa saa. Gari limeruka tuta, liko hewani, dereva bado amekandamiza mafuta. Magurudumu hayana kinachoyashika, yanazidi kukimbia. Halafu yanatua kwenye udongo ambao hauendi popote. Yanatakiwa yapungue kasi ghafla, kwa muda usiofika hata kupepesa jicho. Lakini kule nyuma ya gia mota bado inazunguka na haitaki kusimama.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi wetu tulilisahau mara tu baada ya mtihani wa fizikia. Gia inayopunguza mzunguko mara nane haiongezi ubishi wa mota mara nane. Inauongeza mara nane kwa nane. Kwa gurudumu linalotua, ule moyo mdogo wa mota unaonekana mzito mara 64. Nishati hiyo lazima iende mahali. Kama hakuna kitu kilichopangiwa kuipokea, itaipokea sehemu iliyo dhaifu kuliko zote: jino la gia, pini, shafti, au sanduku la plastiki lenyewe. Gari halina ubaguzi katika hilo, linachagua mnyonge wake.

Sasa turudi kwenye historia. Kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani, ilianza mwaka 1946 ikiwa kiwanda cha kupasua mbao. Ikaingia kwenye vinyago vya mbao vya meli na magari, ikaunguliwa na moto mwaka 1951, ikainuka tena na baadaye kuhamia kwenye plastiki. Katikati ya miaka ya 1970 walitaka kutengeneza mfano sahihi wa Porsche, na wakanunua Porsche 911 halisi wakaifungua kipande kwa kipande ili waijue. Mwaka 1976 walitoa Porsche 934 ya rimoti, gari la kwanza la rimoti la kampuni hiyo. Lilikuwa gari la lami. Kwenye lami gurudumu likizidiwa nguvu linaserereka kidogo, na kuserereka huko ndiko kunakoziokoa gia. Lami laini ilikuwa fyuzi bila mtu kujua.

Mambo yalibadilika walipotoka nje ya lami. Huko Mexico, tangu mwaka 1967, kulikuwa na mashindano ya jangwani ya Baja, na magari yaliyotamba humo ni yale yaliyotokana na Volkswagen Beetle. Mshindi wa mwaka ule wa kwanza lilikuwa Meyers Manx, gari la mchangani lililojengwa juu ya mitambo ya Beetle. Tamiya wakaitazama dunia hiyo, na mwaka 1979 wakatoa magari mawili ya rimoti ya mchangani, Rough Rider na Sand Scorcher. Kwa kufuata walichokiona kwenye gari halisi, wakatumia metali kwa wingi: giaboksi ya alumini, mikono ya magurudumu inayoiga ile ya Beetle, na redio ikafungiwa ndani ya sanduku la plastiki lisiloingiza maji wala mchanga.

Tazama mawazo yaliyokuwepo. Adui wa kwanza waliyemwona ni mchanga. Wakaziba. Adui wa pili waliyemwona ni unyonge. Wakaweka metali. Adui wa tatu, ule mshituko wa kutua niliousimulia hapo juu, hakuwa na kifaa chake. Mota ilikuwa ya kawaida ya ukubwa wa 540, betri zilikuwa za nikeli na kadmiamu, na nguvu yake haikutisha. Gari lilikuwa zito na mota ilikuwa pole, kwa hiyo mambo yakaenda.

Ila mtoto wa mjini akipewa gari, swali lake la pili ni "halikimbii zaidi ya hapa?" Watu wakaanza kuweka mota kali zaidi, na magonjwa yakaanza kuonekana. Mfano unaojulikana kuliko yote ni Frog, gari ambalo Tamiya walilitoa mwaka 1983. Lilikuwa jepesi na lililoruka vizuri. Lakini shafti zake za magurudumu zilikuwa na ncha zenye pembe sita, zilizoingia kwenye tundu lenye pembe sita. Kwa mota iliyokuja nalo dukani, sawa. Kwa mota kali, pembe zile zililika zikawa duara, na kitu cha duara ndani ya tundu la duara hakizungushi chochote. Wapenzi wa gari hilo walilijua tatizo hilo kwa miaka mingi, na Tamiya walipolitoa tena Frog mwaka 2005, shafti hizo zilikuwa zimebadilishwa.

Mwaka 1984 Tamiya wakatoa Grasshopper, gari la bei nafuu kwa wanaoanza, likiwa na mota ndogo ya ukubwa wa 380. Mwaka huohuo likaja Hornet, ndugu yake wa tumbo moja, likiwa na mota ya 540. Nalipenda Grasshopper kwa sababu linatufundisha kinga ya zamani kuliko zote, nayo ni kumpa mtoto nguvu kiasi cha gari lake. Mota ndogo haiwezi kung'oa jino la gia hata ikikasirika. Ni kinga nzuri sana, na kasoro yake ni moja tu: hakuna binadamu anayeridhika nayo.

Wakati Wajapani wanauza magari ya furaha, Wamarekani wakatengeneza gari la vita. Mwaka huohuo wa 1984 kampuni ya Associated ya California, iliyoanzishwa miaka ya 1960 na Roger Curtis na mwenzake Lee Yurada, ilitoa RC10. Hili halikuiga gari lolote la barabarani. Lilikuwa na chesi ya alumini ya rangi ya dhahabu na shokapu zenye mafuta ndani, na kazi yake ilikuwa kushinda. Mwaka 1985 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya magari hayo ya mavumbini, huko Del Mar, California. Jay Halsey akashinda kwa magari ya magurudumu mawili yanayosukuma, akiendesha RC10. Kwa magari ya magurudumu manne yanayosukuma akashinda Gil Losi Jr. akiendesha gari la Yokomo la Japani.

Mashindano ndiyo yaliyoharakisha kila kitu. Mchezaji wa nyumbani gia ikivunjika, anasubiri mwisho wa mwezi. Dereva wa mashindano gia ikivunjika, amekwisha. Na yeye ndiye mwenye mota kali kuliko wote, anayeruka juu kuliko wote. Kwa hiyo yeye ndiye aliyelazimika kuuliza swali sahihi. Swali la zamani lilikuwa, "tufanyeje kisivunjike?" Swali jipya likawa, "nguvu ikizidi, tunataka iende wapi?"

Sehemu ya jibu ilitoka kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa magari makubwa. Cecil Schumacher alikuwa mhandisi wa mifumo ya gia katika kampuni ya Cosworth, Northampton, Uingereza, wale wenye injini ya DFV iliyotawala Formula One. Akaunda difu ya aina ya pekee kwa ajili ya magari ya rimoti, na mwaka 1980 akaanzisha kampuni yake mwenyewe. Difu ya kawaida, kama mjuavyo, ina gia ndogo ndani zinazoruhusu gurudumu moja lizunguke haraka kuliko lingine kwenye kona. Wazo hilo ni la zamani mno, Mfaransa Onésiphore Pecqueur alilisajili mwishoni mwa miaka ya 1820 kwa ajili ya gari la mvuke. Schumacher aliondoa gia hizo za ndani na kuweka gololi. Gololi ndogo za chuma zinakaa kwenye matundu ya gia ya plastiki, zikibanwa huku na huku na pete mbili ngumu, moja kwa kila gurudumu. Kinachopeleka nguvu ni mbano tu. Hakuna jino linaloshikana na jino.

Unaona kilichotokea? Difu ya gololi, pamoja na kazi yake ya kona, ilikuwa na tabia ya ziada. Mshituko ukizidi mbano, gololi zinateleza. Hakuna jino la kung'oka. Wengi walipata fyuzi kabla hawajajua kuwa wanaihitaji. Mwaka 1986 kampuni ya Schumacher ikatoa gari la magurudumu manne lililoitwa CAT, lenye mikanda ya meno ya kupeleka nguvu mbele na nyuma, na mwaka 1987, kwenye mashindano ya dunia yaliyofanyika Romsey, Uingereza, Mjapani Masami Hirosaka akachukua ubingwa kwa gari hilo la Kiingereza.

Lakini kitu kinachofanya kazi mbili kwa mshahara mmoja hakidumu. Gololi zikiteleza chini ya nguvu kubwa zinatoa joto na kuchimba pete. Pete ikishachimbika, difu inakwaruza, kona zinaharibika, na lile joto linaweza kulainisha gia ya plastiki inayozishika gololi. Ukikaza difu isiteleze, umekosa fyuzi. Ukiilegeza iwe fyuzi, umeua difu. Kwa hiyo kazi hizo mbili ikabidi zitenganishwe.

Hapo ndipo inapoingia nati yangu. Klachi ya kuteleza hukaa kwenye gia kubwa, ile inayoshikana moja kwa moja na gia ndogo ya mota. Gia hiyo haifungwi moja kwa moja kwenye shafti yake. Inabanwa na sahani yenye pedi, kama pedi za breki, na springi yenye nati ndiyo inayoamua ibanwe kiasi gani. Nguvu ya kawaida inapita. Nguvu ya kutua kwenye tuta inapokuja, pedi zinateleza robo mzunguko, nusu mzunguko, mshituko unageuka joto kidogo, safari inaendelea. Ile sauti ya mbu niliyoichukia ilikuwa sauti ya klachi ikifanya kazi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kifaa hicho kikawa cha kawaida kwenye magari ya mashindano. Associated walikuja na giaboksi waliyoiita Stealth, yenye gia tatu tu ndani, difu ya gololi, na klachi ya kuteleza. Team Losi wa California, waliokwishatoa gari lao la JRX2 mwaka 1988, walijaribu njia nyingine iliyoitwa Hydra-Drive, ambapo kazi ya kuteleza ilifanywa na mafuta mazito badala ya pedi kavu. Mabishano ya lipi bora sitayaingia. Kilicho muhimu ni kwamba wote walikuwa wamekubaliana: lazima kiwepo kitu cha kukubali kushindwa kidogo, mapema, na kwa utaratibu.

Ungedhani hadithi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu kuna biashara.

Vipuri vya chuma na alumini vilikuwepo tangu mwanzo, na vinauzika kwa sababu vinang'aa. Mtu amevunja gia ya plastiki, ananunua ya chuma. Sasa gia haivunjiki, inapinda shafti. Ananunua shafti ya chuma kigumu. Shafti haipindi tena, inapasua sanduku la giaboksi. Ananunua sanduku la alumini. Sasa kinachokufa ni difu, au mota, au mkono wa gurudumu. Kila hatua amelipa zaidi, na kila hatua uvunjaji umehamia mahali palipo ghali zaidi na pagumu zaidi kufungua. Sisemi chuma ni kibaya. Baadhi ya magari yalitoka kiwandani na kipande dhaifu kweli, na chuma ndiyo dawa. Nasema chuma hakiondoi mshituko, kinaupa nauli ya kwenda mbele.

Halafu likaja pigo la miaka ya 2000. Mota zisizo na brashi zikaanza kuingia kwenye mchezo huu, na nyuma yake zikaja betri za lithiamu polima. Betri ya zamani ikibanwa, volti yake inashuka, kwa hiyo yenyewe ilikuwa kama breki ya ulafi. Betri ya lithiamu inatoa mkondo mkubwa bila kuchoka haraka. Na watu hawakuishia kwenye seli mbili za volti 7.4. Wakaenda seli tatu, volti 11.1. Kwa mota ileile na gia zilezile, hiyo ni kasi mara moja na nusu, na kwa kuwa nishati inakua kwa mraba wa kasi, mshituko wa kutua unabeba nishati mara 2.25. Giaboksi iliyoundwa kwa betri za nikeli ikajikuta inapokea wageni ambao haikuwaandalia. Watu wakalaumu plastiki.

Viwanda vikajibu kwa meno makubwa zaidi ya gia, shafti nene, difu za gia zilizojazwa mafuta mazito, na kwenye baadhi ya magari makubwa ya siku hizi, kama X-Maxx ya Traxxas iliyoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 2010, kipande cha mpira ndani ya gia kubwa kinachominywa mshituko ukija, kisha kinarudi hali yake.

Niliposoma hilo la mpira nikacheka peke yangu. Maana mpira huo tunapanda nao kila siku. Fungua gurudumu la nyuma la bodaboda nyingi, utakuta vipande vya mpira kati ya habu na ile sehemu inayobeba sproketi. Kazi yake ni hiyohiyo, dereva akiachia klachi kwa pupa, mpira unameza mshituko kabla haujaufikia mnyororo. Vikichakaa unasikia "kong" kila akibadilisha gia. Nenda ufukweni kwa wavuvi, zile injini ndogo za zamani za kufunga nyuma ya mtumbwi zina pini laini kwenye propela. Propela ikigonga mwamba, pini inakatika, gia za ndani zinapona. Mvuvi mwenye akili hubeba pini za akiba. Mvuvi mwenye haraka huweka msumari wa chuma, na siku ya mwamba anarudi kwa kasia. Nilikuwa yule wa msumari.

Sasa kwa wale ambao nyumbani kuna gari la namna hii, au mnapanga kununua, haya ndiyo niliyojifunza, na kwa sehemu kubwa nimeyalipia.

Kwanza, klachi. Anza na nati ikiwa imelegea, halafu kaza kidogokidogo, moja ya nane ya mzunguko kwa wakati mmoja. Kwa gari linalosukuma nyuma, shika matairi ya nyuma yasizunguke, gusa mafuta. Sehemu ya mbele ijaribu kuinuka kidogo na klachi iteleze. Ukilianzisha chini, usikie linateleza umbali mfupi, chini ya mita moja, kisha lishike. Likiteleza muda wote utaunguza pedi. Lisipoteleza kabisa, soma upya mwanzo wa makala hii.

Pili, kama gari lina difu ya gololi, hakikisha klachi inateleza kabla ya difu. Shika gia kubwa na gurudumu moja, jaribu kuzungusha gurudumu lingine kwa mkono. Liwe gumu sana. Likizunguka kirahisi, difu ndiyo imegeuka fyuzi, na ni fyuzi ya bei mbaya.

Tatu, nafasi kati ya gia ya mota na gia kubwa. Chana kipande cha karatasi ya daftari, kipitishe katikati ya meno wakati unafunga mota, kisha kitoe. Kitoke na mikunjo bila kuchanika. Gia zikibanana sana zinapata joto, zikiachana sana zinang'oana meno kwenye ncha. Mchanga ukiingia hapo, futa kabla ya kuendesha.

Nne, kidole chako. Achia mafuta gari likiwa hewani kabla halijatua. Usirudishe nyuma wakati bado linakwenda mbele. Likinasa kwenye jiwe, nenda ulitoe kwa mkono. Nimeshuhudia kwamba hakuna kipuri kinachoweza kushinda kidole kisichosikia.

Tano, kabla ya kununua kipuri kigumu zaidi, jiulize nini kitavunjika baada ya hapo, kinauzwa shilingi ngapi, na kukifikia unafungua skrubu ngapi. Kwenye magari mengi gia kubwa ya nailoni iko nje kabisa, unaibadilisha kwa dakika chache. Hawakuiweka hapo kwa bahati mbaya.

Gari la mtoto limepona. Vipuri nimelipia mimi, haki yake, na vilikuja na mtu kwenye begi baada ya wiki tatu ambazo mpwa wangu hakunisalimia kwa uchangamfu. Jumamosi iliyopita tulilifunga pamoja. Kufika kwenye nati nikampa spana. Akakaza kidogo, akashika matairi, akanipa rimoti nibonyeze. Sauti ya mbu ikasikika.

"Mjomba, linateleza."

"Ndiyo."

"Nikaze?"

"Acha hivyohivyo."

Akaniangalia kama anayetafuta mtego, kisha akafunga kifuniko. Jioni nzima liliruka matuta na tukarudi nalo zima, lina vumbi tu.

Haya wadau, wenye uzoefu wa bodaboda, mitumbwi ya injini au mashine za kusaga, niambieni huko kwenu kipande gani kimewekwa ili kivunjike kwanza, na kama kuna aliyewahi kukibadilisha kwa msumari. Nakusanya visa, na mzee wangu wa Gerezani ameomba nimsomee.

Wasalaam.